Jirani anakusumbua? Usimtupie Zaburi kwenye stetasi, mwendee

Fundi Cherehani (mleta uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Nawasalimu kutoka Mikindani ya Mombasa, ambako maji hutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, safari yote hiyo, yakifika kwetu yamechoka. Wanaokaa huku wamenielewa.

Nataka tuzungumze juu ya watu wagumu. Sisemi wezi wala wahuni, hao wana polisi wao. Nasema jirani wa ua mmoja, wifi, mzee wa kanisa, mwenzako wa kibandani, yule utakayemwona kesho asubuhi utake usitake.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko Mwembe Tayari. Kazi nyingi ninayoletewa ni leso, yaani kanga, kuitenganisha jozi na kuipinda, kwa hiyo majina ya leso, ile misemo iliyoandikwa juu yake, nayasoma kutwa. Anayemnunulia mamake leso huangalia rangi kwanza. Anayemlenga jirani huangalia jina, rangi itajijua. Wauzaji wa Biashara Street wanalifahamu hilo kuliko mimi. Na mji huu una sifa yake katika jambo hili: Kaderdina Hajee Essak, mwenye ile chapa ya "Mali ya Abdulla", alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa Mombasa, na anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kutia misemo ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Kusemana kwa nguo ni urithi wetu, wala sina ugomvi nao. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" ni mahubiri tosha. Ugomvi wangu ni vile sisi tunaojiita waumini tulivyouchukua mtindo huo tukauhamishia kwenye Biblia.

Utaona mambo. Saa kumi na mbili asubuhi dada ameweka stetasi ya WhatsApp: "Ee BWANA, utete nao wanaoteta nami." Zaburi ya 35. Uani kwao wote wanajua anayelengwa, maana jana jioni palikuwa na maneno juu ya kamba ya kuanikia. Saa moja mlengwa naye amejibu kwa Zaburi ya 23, "Waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu," na picha ya mahamri na mbaazi. Kufika adhuhuri ua mzima umesoma Zaburi kumshinda padri, na hakuna aliyemwamkua mwenzake.

Halafu kuna maombi. "Wapendwa, tumwombee dada mmoja, sitamtaja, anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, Mungu amwondolee roho ya ubinafsi." Huo ni mpasho wa kufumba macho tu.

Yesu alitoa utaratibu wake katika Mathayo 18:15. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe naye mkiwa peke yenu." Anayetakiwa kunyanyuka ni aliyekosewa. Najua linauma, mimi mwenyewe nikisoma hapo natamani angeanza na yule mwingine. Na sheria ya Musa ilikuwa imeshasema: Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni na inaagiza umkemee jirani yako. Mstari unaofuata, wa 18, ndio ule maarufu wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Tumeukata ule wa pili tukautundika ukutani, wa kwanza tumeuacha kitabuni.

Wengi watasema Mkristo ni kuvumilia, na watanitajia Isaka. Sawa, tusome Mwanzo 26 yote. Wafilisti waliviziba kwa udongo visima vilivyochimbwa enzi za babake. Akachimba upya, wachungaji wa Gerari wakaja juu, maji haya ni yetu. Akaacha. Akachimba kingine, wakagombania nacho. Akasogea mbele, akachimba cha tatu, hapo hawakumfuata. Wahubiri wengi hufunga Biblia papo hapo: Isaka mpole, nasi tuwe wapole. Lakini sura haijaisha. Abimeleki anamjia pamoja na rafiki yake na jemadari wake, wanataka agano la amani. Neno la kwanza la Isaka, mstari wa 27, ni swali: mbona mmenijia, na mlinichukia mkanifukuza kwenu? Anawaambia usoni. Kisha mstari wa 30 anawafanyia karamu, wakala, wakanywa. Lile neno lilitangulia chakula. Lingemezwa, pale pangekuwa na watu wanaokula huku wanaviziana. Ukiisoma sura hii umesimama kwenye foleni ya mitungi utadhani imeandikwa huku kwetu Jomvu.

Sasa ya kwangu. Nyumba yetu vyumba kadhaa vinatumia mita moja ya stima, tokeni tunachanga sawasawa. Jirani mmoja akaleta friji, akaanza kuuza maji baridi na barafu za ukwaju. Biashara nzuri, watoto wa shule wanapanga foleni. Mchango wake ukabaki ule ule. Tokeni iliyokuwa ikifika Jumapili ikawa inakata Alhamisi usiku, na joto la hapa bila feni mnalijua. Watu wakanuna. Kuna aliyekuwa akiichomoa friji usiku wa manane. Mwingine akaniletea leso nimpindie, jina lake limemlenga mwenye friji waziwazi. Nikampindia, kazi ni kazi.

Nilimwendea Jumapili baada ya ibada, amekaa peke yake anachambua mchicha. Nikamwambia, mama, stima inaisha mapema tangu friji ije, naona friji ichangie zaidi, wewe waonaje? Basi. Sikumwambia "wenzako wanasema", wala sikumtajia mambo ya maji ya mwaka juzi. Akafoka. Akasema naionea wivu biashara yake kwa kuwa cherehani imenishinda. Nikamwacha amalize, nikamwambia nimekusikia, nikaingia ndani. Ile wiki ilikuwa mbaya, hata salamu hapana. Baadaye akaja mwenyewe na hesabu kwenye karatasi. Kiasi alichoandika ni kidogo kuliko nilichokuwa nacho kichwani, ila ni zaidi ya bure. Mpaka leo ni mtu mgumu, sitawadanganya. Lakini usiku nikilala sina tena ile hotuba ninayomhutubia kimoyomoyo, najibu na kujijibu mpaka saa tisa. Ile hotuba ndiyo ilikuwa mzigo wenyewe, friji ilikuwa kisingizio.

Wenye maoni tofauti karibuni, nataka kusikia.

Mvuka Feri

Dada umenichekesha hapo kwa mahamri na mbaazi. Kuna kundi letu la kwaya huku Likoni hali ni hiyo hiyo. Alto na soprano wanapigana kwa Mithali. Mwalimu wa kwaya naye badala ya kuwaita anaweka sauti ya mahubiri ya dakika arobaini. Nani atasikiliza dakika arobaini kwenye feri?

Kijana Mishomoroni

Mada nzuri lakini napinga kidogo. Fumbo lina kazi yake. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakumwambia umezini na umeua. Alimpigia hadithi ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini. Hiyo ni 2 Samweli 12. Kama fumbo ni dhambi, Nathani naye tumweke wapi? Na Paulo alimkabili Petro mbele ya watu wote kule Antiokia, Wagalatia 2, hakumwita pembeni. Kwa hiyo "wewe naye mkiwa peke yenu" si sheria ya kila mahali.

Fundi Cherehani

Kaka Kijana, hoja yako ina uzito, na ya Nathani nilikuwa naiogopa, asante kwa kuileta.

Tazama alivyofanya lakini. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa Daudi. Hadithi aliisimulia Daudi akiwa mbele yake, na Daudi alipokasirika Nathani hakumwacha akisie. Akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Sasa hebu nitajie stetasi inayomalizia kwa jina la mtu na mlango wake. Fumbo la Nathani lilimfungulia mlango wa kusema. La kwetu tunalitumia ili tukiulizwa tuseme, "Kwani nimekutaja?"

Ya Petro, yeye alijitenga mezani na wasio Wayahudi mbele ya watu, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Kosa la hadharani lilivuta watu wengi, Paulo akalisema hapo hapo. Kama mtu amekutukana kwenye mkutano wa chama, wanachama wote wapo, sioni ubaya ukimjibu kwa adabu palepale. Ya kamba ya kuanikia haihitaji Antiokia.

Kijana Mishomoroni

😂 Nimekubali ya Nathani. Ya Petro bado natafuna.

Karani wa Shimanzi

Habari zenu. Haya yote yanawezekana kwa jirani kwa sababu mko sawa. Mimi mtu wangu mgumu ni mkubwa wangu wa kazi. Anakukaripia mbele ya madereva na vibarua, akikosea yeye anakutupia wewe. Nikimwendea "yeye nami peke yetu" kesho nitaambiwa kazi imeisha. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Mniambie Biblia inasemaje kwa mtu kama mimi, na tafadhali msiniambie nimwombee tu. Namwombea tayari.

Mzee Kengeleni

Karani mwanangu, pole na kazi.

Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wa kila aina hadi nikastaafu, nitakueleza ninavyoona. Soma Esta. Yule binti alikuwa na neno zito la kumwambia mfalme, na kumwingilia mfalme bila kuitwa kulikuwa ni kifo. Alifunga siku tatu kwanza. Akamwalika karamuni, na mfalme akamuuliza wataka nini. Unajua alijibu nini? Njoo tena kesho kwenye karamu nyingine. Alisubiri mpaka ya pili ndipo akasema, na aliposema alitaja jambo lenyewe na mtu mwenyewe. Kwa mwenye cheo, wakati ni nusu ya neno. Usimwendee siku ambayo meli imechelewa na simu zinalia. Mwendee siku kazi imekwenda vizuri, tena na jambo moja: "Mzee, nikikosea niite ofisini, mbele ya madereva nashindwa kuwaongoza." Umempa sababu inayomfaa hata yeye.

Na uandike. Kila akikutupia kosa, weka tarehe na kilichotokea kwenye daftari lako, nyumbani, si kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akueleze kosa na akusikilize kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, tena una haki ya kuwa na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiwa na daftari una la kusema. Kumbuka pia Daudi hakukaa kwa mfalme Sauli kungoja mkuki wa mwisho. Aliukwepa akakimbia usiku ule, na hakuna nabii aliyemlaumu. Tafuta kazi nyingine kimya kimya huku ukifanya hii vizuri.

Karani wa Shimanzi

Ahsante mzee. Ya daftari naanza leo.

Jirani wa Mji wa Kale

Assalaam alaykum. Mimi si wa imani yenu lakini uzi umenigusa. Kwetu pia jirani ana haki kubwa. Mtume (s.a.w.) amesema Jibrili alimuusia juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Na ya leso nikuongezee, fundi: nyanya yangu alikuwa akipokea leso ya mafumbo kutoka kwa jirani anaivaa Idi, anakwenda nayo kwake kumshukuru. Yule jirani alikuwa akikosa pa kuangalia.

Fundi Cherehani

Wa alaykum salaam, karibu sana jirani. Nyanya huyo angefaa kuwa mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili.

Mama Watatu

Shalom. Nimesoma kuanzia juu. Mimi mtu wangu mgumu ni mume. Si mgumu wa maneno tu, mnaelewa. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia mwanamke mwenye hekima hujenga nyumba yake, nirudi nikavumilie, huo ndio msalaba wangu. Nilipojaribu kumwambia mume "sisi wawili peke yetu" ndiyo ikawa mbaya zaidi. Sasa najiuliza kama imani yangu ni ndogo.

Muuguzi wa Usiku

Dada Mama Watatu, naomba nikujibu kabla wengine hawajafika na mistari.

Imani yako si ndogo. Nafanya kazi wodini zamu ya usiku na nimewapokea kina mama walioambiwa maneno hayo hayo. Mathayo 18 haisemi ujifungie chumbani na mtu anayekupiga. Hiyo ni ya ndugu aliyekukosea ambaye unaweza kukaa naye ukazungumza. Mtu anayekupiga, kwanza ni usalama wako na wa watoto. Piga simu 1195, ni bure, ni namba ya taifa ya msaada kwa ukatili wa kijinsia. Ukiumia nenda hospitali ya serikali uandikiwe, na polisi wana dawati la jinsia. Weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Futa ujumbe huu kwenye simu kama yeye huishika.

Ya kumwambia mume yasubiri mpaka uwe mahali salama.

Mzee Kengeleni

Nakubaliana na binti yangu Muuguzi, na naongeza moja kwa ajili ya wachungaji wanaosoma hapa kimya kimya.

Msalaba ambao Bwana alisema mtu ajitwike kila siku, Luka 9:23, ni wa kumfuata yeye. Kipigo cha nyumbani hakimfuati Kristo popote. Abigaili alikuwa na mume, Nabali, ambaye hata watumishi walisema hazungumziki. Soma 1 Samweli 25. Daudi alipokuja na watu 400 wenye panga, Abigaili hakumshauri Nabali wala hakumwomba ruhusa. Akatwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano, bisi, zabibu na tini, akapanda punda akaiokoa nyumba. Aliporudi akamkuta mume amelewa, akanyamaza, asubuhi ndipo akamwambia. Biblia inamwita mwenye akili. Sasa nani kati yetu atamwambia angevumilia?

Mimi nakaa Kengeleni, jina lenyewe limetokana na kengele ya misheni ya Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Wazee walitueleza kengele ile ilikuwa ikiita watu ibadani, na ikawa pia inapigwa kuonya wakati wa hatari. Kanisa linalojua kuita watu ibadani tu, likisikia hatari linamrudisha mama chumbani, limepoteza nusu ya kengele yake. Mama Watatu, kama kuna mzee au mama wa kanisa unayemwamini, mwambie waziwazi, usiseme "nina changamoto nyumbani". Sema ananipiga.

Mama Watatu

Asanteni. Nimeandika namba pahali.

Fundi Cherehani

Mama Watatu, tuko nawe. Na mzee, umesema neno ambalo nilikuwa nalizungukia. Tunatumia maneno ya kufunika hata kwa shida zetu wenyewe. "Changamoto." "Majaribu." "Mungu ni mwema." Mtu akikuuliza vipi nyumbani unamjibu kwa lugha ya leso, halafu unarudi kulia kwamba kanisani hakuna upendo.

Dada Aliyechoka

Basi hapo ni mimi umenitaja, fundi.

Sina mtu mgumu. Nina mama mgonjwa wa figo, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mimi ndiye mtoto wa kike pekee aliyeko Mombasa, ndugu wako Voi na Nairobi, hutuma pesa wakikumbuka. Nauza mboga soko la Kongowea, naamka saa tisa kuchukua mzigo. Kila Jumapili nasema "Mungu ni mwema" kwa sababu ni kweli, lakini pia kwa sababu nikisema mengine nitalia na sipendi kulia mbele ya watu. Maombi yenyewe siku hizi yamebaki "Bwana" halafu nasinzia. Wakiimba "mtwike yeye fadhaa zako" nasema nimemtwika, mbona mgongo bado unauma?

Muuguzi wa Usiku

Pole sana dada. Kusinzia kwenye maombi si uasi. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Hatujafika bado kwenye sauti ndogo ya utulivu, kwanza ni chakula na usingizi. Wanaouguza wagonjwa wa figo huanguka wao kabla ya mgonjwa, naliona kazini. Unakula siku za kliniki?

Dada Aliyechoka

Chai. Wakati mwingine.

Mzee Kengeleni

Binti, nakuongezea habari ya upande wetu huu. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mwaka huo huo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wa kike, huku huku ng'ambo ya kisiwa. Alibaki peke yake, na alikuwa mtu wa imani kuliko mimi. Msaada uliokuja ulikuwa mtu: mmisionari mwenzake Rebmann, mwaka 1846. Wakapanda mpaka vilima vya Rabai mwaka huo, wote wawili na homa zao. Hata hao baadaye hawakuafikiana kuhusu namna ya kuendesha kazi, watu ni watu, lakini Rebmann ndiye aliyekaa Rabai mpaka 1875, karibu haoni tena.

Musa naye alimlalamikia Mungu kwamba watu hawa wote ni wazito kwake, hawezi kuwabeba peke yake. Jibu la Mungu katika Hesabu 11 ni kumpa wazee 70 wa kuubeba pamoja naye. Hakumwambia aongeze imani. Kwa hiyo mgongo unaouma huenda unangoja mikono, na mikono haiji kama haijaambiwa ije saa ngapi.

Fundi Cherehani

Dada, fanya hivi. Usiwaambie wa ushirika wenu "niombeeni". Utaombewa, na kila mtu ataenda kwake. Waambie kitu chenye siku na saa. "Nahitaji mtu wa kukaa na mama hospitalini Alhamisi kuanzia saa mbili mpaka saa saba nikauze mboga." Watu wengi wana roho nzuri ila hawajui washike wapi.

Na ndugu zako nao wasemezwe vivyo hivyo. Usiweke stetasi ya "damu nzito kuliko maji". Mpigie wa Voi, umwambie nauli ya kliniki kwa mwezi ni kiasi hiki, wewe unatoa kiasi gani na tarehe gani? Wagalatia 6 ina yote mawili, mstari wa 2 tuchukuliane mizigo, wa 5 kila mtu na wake. Mama ni wa wote. Wakikataa, angalau umewauliza kwa Kiswahili.

Kijana Mishomoroni

"Umewauliza kwa Kiswahili" 😂 naiweka stetasi hiyo.

Fundi Cherehani

Umlenge nani?

Kijana Mishomoroni

Mwenye nyumba wangu. Haya, nafuta, naenda mlangoni kwake jioni.

Dada Aliyechoka

Nimetuma ujumbe kwenye kundi la ushirika sasa hivi. Nimeandika Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa saba, mtu wa kukaa tu, mama hana kelele, anapenda redio. Mkono ulikuwa unatetemeka. Wawili wameshajibu, mmoja ni yule mama ambaye huwa tunapishana sana kwenye kamati ya jikoni, sikumtarajia kabisa. Alhamisi bado haijapata mtu.

Kaka wa Voi ameona, hajajibu.

Mvuka Feri

Dada, Alhamisi mimi sina zamu, huvuka asubuhi kumleta mtoto shule upande wa kisiwa halafu nakaa bure hadi mchana. Mke wangu naye yuko, anaweza kuja kama mama atapendelea mwanamke. Feri ya miguu ni bure, kwa hiyo usiwaze nauli yetu. Nitumie ujumbe wa faragha, jina la wodi na anachoruhusiwa kula, tusije na machungwa kumbe yamekatazwa.

Muuguzi wa Usiku

Machungwa hapana, ndizi pia hapana, mpaka daktari wake aseme. Na maji ya kunywa hupimwa. Dada, muulize mtaalamu wa lishe wa pale akuandikie orodha, umpe kila atakayekaa naye.

Dada Aliyechoka

Sawa. Nakuandikia faraghani sasa, Mvuka Feri. Mke wako akija ni vizuri zaidi. Redio ninayo, ila betri zimeisha.

Mvuka Feri

Betri ndogo au kubwa?

Dada Aliyechoka

Kubwa, mbili.